Acha Kupima Uzio wa Jirani kwa Simu

Kuna sentensi ambayo nikiisikia tu najua siku imeharibika: "Hati inasema mita 30, nimepima nimepata 29 na nusu, kwa hiyo jirani kanila nusu mita." Anayeisema huwa ameshapiga picha ya skrini ya simu yake na kumtumia jirani, na jirani ameshajibu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Juzi nimeletewa tena, neno kwa neno. Naandika ili anayefuata nimtumie kiungo, nami niendelee na kazi yangu ya kupima ardhi.

Mpaka wa kiwanja kilichopimwa ni pale mpima wa kwanza alipoweka bikoni, yaani alama ya zege inayofukiwa kwenye kona ya kiwanja. Mita na nyuzi zilizoandikwa kwenye ramani ni maelezo ya alichokifanya siku ile. Zinakusaidia kuitafuta bikoni. Ukishaipata, na ukathibitisha kwamba ni yenyewe na haijaguswa, kazi ya zile namba karibu imekwisha. Watu hawataki kusikia hili, kwa sababu namba iko kwenye karatasi yenye mhuri na bikoni ni zege chakavu lililofunikwa na majani.

Tuimalize kwanza hiyo nusu mita. Mara nyingi haijaenda popote. Mtu amepima kutoka uso wa ndani wa ukuta mmoja hadi uso wa ndani wa ukuta wa pili, na kuta zote mbili amezijenga mwenyewe ndani ya mpaka wake. Unene wa kuta mbili na nafasi ndogo aliyoiacha fundi nyuma yake, hiyo ndiyo nusu mita yako. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Ramani huandika umbali wa mlalo, lakini kanda ya kupimia hulala juu ya ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 10, mita 30 za ramani zinasomeka mita 30 na sentimita 46 hivi ukiifuata ardhi. Hapo sasa ni jirani anayekuja mbio kusema wewe ndiye umemla.

Halafu simu. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida inakupa mahali ulipo kwa kukosea mita 5 hivi. Karibu na ukuta au chini ya mti ni mbaya zaidi. Unagombania nusu mita kwa kifaa ambacho ukungu wake ni mara kumi ya ugomvi wenyewe. Picha za setilaiti nazo zinaonyesha paa, si mguu wa ukuta, na mistari ya viwanja iliyochorwa juu yake inaweza kuwa imehama bila mtu yeyote kukuambia. Wengine huchukua koodineti za ramani ya zamani, zile namba zinazotaja mahali nukta ilipo, na kuziingiza kwenye simu moja kwa moja. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, na simu inatumia mwingine, WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takriban mita 300. Ndiyo maana kiwanja chako "kimeonekana" ng'ambo ya barabara. Hakijaibiwa.

Mtu akishasikia haya hunijibu: sawa, basi njoo na mashine yako ya kisasa. Nakuja. Kipokezi changu cha setilaiti kikiwa katika hali nzuri kinasoma kwa sentimita moja au mbili. Lakini kusoma vizuri mahali nilipo si sawa na kujua mpaka uko wapi. Naweza kukupa nukta sahihi kabisa isiyo na uhusiano wowote na mpaka wako. Hapa ndipo hata wapima wenzangu, hasa vijana waliokulia kwenye skrini, wananiudhi. Anafika uwanjani, anaingiza koodineti, kifaa kinalia "hapa", anapigilia chuma kipya. Sentimita 35 kutoka hapo iko bikoni ya zamani chini ya majani, imekaa miaka na miaka, na majirani wote wamejenga kwa kuifuata. Hakuipekua. Sasa pana alama mbili, na familia mbili zinazotazamana kwa jicho baya.

Utaratibu wa ushahidi tuliorithi katika nchi nyingi unakwenda hivi: alama za awali zilizowekwa ardhini zinatangulia, kisha zinakuja pembe na umbali wa kwenye ramani, na ukubwa wa eneo uko mkiani kabisa. Ndiyo, mkiani. Ile "robo eka yangu" unayoitetea kwa mishipa ya shingo ni hesabu iliyopigwa mwisho kutokana na vipimo vingine. Thomas Cooley, jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan katika karne ya 19, aliwaambia wapima wa wakati wake kwamba kazi yao si kutafuta alama ilipopaswa kuwekwa, bali ilipowekwa kweli. Wako ambao mpaka leo hawajamwelewa.

Sababu yake si ushamba. Wapima wa zamani walitumia mnyororo wa futi 66, yaani mita 20 na sentimita 12. Ulikuwa na vipande 100 vilivyounganishwa kwa pete, na pete zikisagika mnyororo unarefuka. Ukirefuka sentimita 2 tu, kila mita 1,000 ulizoandika kwenye kitabu ni takriban mita 1,001 ardhini. Kama namba ndiyo ingetawala, kila kizazi kikipata kifaa bora zaidi kuta za mtaa mzima zingelazimika kuhama. Kwa hiyo kosa la mpima wa kwanza, watu wakishanunua na kujenga kwa kulifuata, linageuka kuwa mpaka.

Na kweli, hilo halinipi raha hata mimi. Mtu alilipia mita 30, mpima aliyeshakufa akampa 29 na sentimita 60, nami nasimama mbele yake kumwambia kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Pengine ana madai dhidi ya aliyemuuzia, kutegemea sheria ya kwao. Dhidi ya jirani hana. Pale ambapo bikoni za katikati zimepotea zote na safu nzima ya viwanja ina upungufu, baadhi ya nchi hugawa upungufu huo kwa uwiano kati ya viwanja vyote, badala ya kumtwika wa mwisho peke yake.

Kabla hujanitupia jiwe: si kila mahali bikoni inashinda. Singapore tangu 2004 mipaka yake inafuata koodineti kisheria. Uingereza, chini ya sheria ya usajili wa ardhi ya 2002, mstari mwekundu kwenye ramani ya msajili huonyesha mpaka wa jumla tu, isipokuwa mpaka huo umepitia utaratibu rasmi wa kuuthibitisha. Kenya nayo, katika sheria yake ya usajili ya 2012, inaichukulia ramani ya usajili kuwa ya kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipowekwa rasmi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:2,500 unafunika mita 1 na robo ardhini. Ugomvi wako mzima unaingia ndani ya wino. Basi swali la kwanza kwa mpima wako liwe: mpaka wetu huu ni wa aina gani? Akikodoa macho, tafuta mwingine.

Kinachoninyima usingizi hasa ni bikoni iliyoguswa. Trekta limepita, mfereji umechimbwa, au mtu amekuja usiku na sururu. Zege limeinama kidogo. Je, limeinama tu au limehamishwa? Huko Bavaria, katika vijiji vya Franconia, wako watunza mipaka walioapishwa ambao kwa karne nyingi wamefukia chini ya jiwe vipande vya udongo wa kuchoma au kioo, vimepangwa kwa siri wanayoijua wao tu. Jiwe likihamishwa, siri inabaki chini. Mimi sina siri hiyo. Nina kipande cha chuma kama nina bahati, kitabu cha uwanjani cha mpima wa kwanza kama hakijaliwa na mchwa, na uzio wa zamani. Na uzio wa zamani usiudharau. Wakati mwingine ndio ushahidi bora uliobaki wa pale jiwe lilipokuwa, ikiwa ulijengwa bikoni zikiwa bado zinaonekana. Wakati mwingine ulijengwa tu kuzuia mbuzi. Kuzitofautisha hali hizo mbili kunategemea nani bado yuko hai wa kuulizwa, na ripoti yangu hapo husema "kuna uwezekano mkubwa", si "ni hapa". Wateja hawaipendi ripoti hiyo.

Sasa ya kufanya. Usimwite mpima wako ili aje kupigana na mpima wa jirani. Mwiteni mmoja kwa pamoja mkiweza. Ufaransa sheria yao ya kiraia inamruhusu mwenye kiwanja kumlazimisha jirani waweke alama za mpaka, na gharama wagawane. Leta nyaraka za viwanja vyote viwili, kwa sababu nusu ya jibu iko kwenye ya jirani. Usiiguse bikoni hata kama una uhakika iko pasipo mahali pake, maana kuing'oa ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Na usijenge kwanza ukidhani tutapima baadaye.

Njia, mfereji na ukuta wa pamoja ni habari nyingine. Jirani anaweza kuwa na haki ya kupita kwenye ardhi ambayo ni yako kabisa, na mimi nikikuonyesha mpaka sijaifuta haki hiyo. Matawi ya mti muulize mwanasheria, mimi sipimi majani. Muulize pia kuhusu muda. Kenya na Tanzania, kukaa kwenye ardhi ya mwenzako miaka 12 bila ruhusa huku mwenyewe ananyamaza kunaweza kumzuia kuirudisha, kwa masharti ambayo mahakama huyachuja sana. Anayesema "nitashughulikia mwakani" ajue saa inatembea.

Mkikubaliana, andikeni, sainini pamoja na mchoro, na muulize msajili kama makubaliano hayo yanaweza kuingizwa kwenye kumbukumbu. Makubaliano ya mdomo yanakwisha siku mmoja wenu anapouza. Jirani akikataa kuja siku ya upimaji, mpe taarifa kwa maandishi, tunza nakala, tutapima. Ila usinivute pembeni kuniomba niisogeze alama kidogo kwa sababu wewe ndiye unayelipa. Hilo nalo naombwa sana, na anayeomba huwa ni yule yule aliyeibiwa nusu mita.