Msongamano darasa la kwanza: kauli ninazozisikia kila Januari, na ukweli wake

Kila Januari, uandikishaji ukishapamba moto, huwa nazunguka shule za msingi hapa Tanzania kukaa na walimu wa madarasa ya chini. Na kila Januari naambiwa jambo lile lile, na wazazi, na wajumbe wa kamati za shule, mara nyingine na mwalimu mkuu mwenyewe: "Hawa wadogo hawana shida. Wanaimba, wanacheza, hata wakifika mia na nusu mwalimu mmoja anawamudu. Nguvu zielekezwe darasa la saba, kule ndiko kuna mtihani." Nimeijibu kauli hiyo vikaoni mpaka nimechoka. Leo naijibu kwa maandishi, pamoja na nyingine chache zinazotembea nayo.

"Darasa la kwanza mwalimu mmoja anatosha"

Tuanze na saa ya ukutani. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Watoto wakiwa 120, kila mmoja ana sekunde 15 za mwalimu wake. Hiyo ni kama mwalimu hakuita majina, hakuandika ubaoni, hakumtoa nje aliyejikojolea, hakutenganisha wawili wanaogombea penseli. Mpe mtoto sentensi fupi, "Baba analima shamba." Akifika kwenye "mba" anakwama. Mwalimu anatakiwa amsikie akikwama, ajue amekwama kwa nini, amrudishe kwenye silabi, amsikilize tena. Sekunde 15 zimekwisha kabla hajamaliza "shamba". Wakiwa 45, kiwango ambacho serikali yetu yenyewe imekiweka kwa shule za msingi, kila mtoto anapata sekunde 40. Si nyingi, lakini kazi inafanyika.

Hesabu ya pili ni ya madaftari. Dakika moja kwa daftari, watoto 120, ni saa mbili za kusahihisha zoezi moja tu. Na KKK zina mazoezi matatu: kusoma, kuandika, kuhesabu. Ndiyo maana unafungua daftari la mtoto unakuta vema kubwa nyekundu juu ya "b" iliyogeuzwa ikawa "d". Mwalimu si mzembe. Ameweka vema 120 ili mzazi aone daftari limeguswa.

Watu wanaosema "wanaimba tu" wamesimama dirishani, hawajaingia ndani. Darasa likitamka "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti moja linapendeza, na sauti hiyo moja inamficha kila asiyejua. Watoto wa madawati ya mbele wanasoma ubao. Wa nyuma wanawaitikia wa mbele. Mtoto mwerevu anaweza kukariri ukurasa mzima wa kitabu na kuutamka bila kosa huku macho yake yako kwenye picha. Njia pekee ya kumgundua ni kumwita peke yake na kumfunulia ukurasa ambao hajawahi kuusikia, na hilo halifanyiki penye watoto 150. Kusoma kunasahihishwa kwa mtoto mmoja mmoja. Historia unaweza kuwaeleza watoto mia kwa pamoja, kwa sababu wanaojua kusoma watarudi kitabuni. Asiyejua kusoma hana pa kurudi.

Kisha mtoto huyo anapanda. Darasa la tatu masomo yanaongezeka na mwalimu anaanza kazi akiamini kwamba wote wanasoma. Miaka minne baadaye tunamkuta darasa la saba, na hapo ndipo kamati inaitisha kikao cha dharura: kambi, masomo ya jioni, michango ya chakula cha Jumamosi. Nguvu zote hizo zinatumika kumfundisha kijana wa miaka 13 silabi alizotakiwa kuzijua akiwa na miaka saba. Mnaosema nguvu ziende kwenye mtihani, mtihani huo unapotezwa darasa la kwanza.

Haya si maoni yangu tu. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee nchini Marekani, kwa fedha zilizoidhinishwa na bunge la jimbo, lilianza jaribio kubwa kuliko yote ya aina hii. Shule 79 ziliingia, na katika miaka minne zaidi ya watoto 11,000, kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine madarasa ya kawaida ya 22 hadi 25. Walimu nao waligawanywa kwa bahati nasibu. Watoto wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa familia maskini na watoto weusi. Sehemu kubwa ya faida ilionekana katika mwaka wa kwanza tu wa kukaa darasa dogo. Walipofuatiliwa miaka mingi baadaye, waliokuwa madarasa madogo ndio waliojitokeza zaidi kufanya mitihani ya kuingia chuo. Najua 25 ya Tennessee kwetu ni ndoto. Lakini ninachokitetea hapa ni mahali pa kuanzia, na mahali penyewe ni chini.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Mara nyingi walimu wa kupunguza msongamano huo tayari wako shuleni. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 840 na walimu 14. Gawanya, unapata 1:60. Kikaoni watu wanapumua, wanasema si pabaya sana. Ingia madarasani: la kwanza 170, la pili 150, kila moja na mwalimu wake mmoja. Wanaobaki ni walimu 12 kwa wanafunzi 520 wa darasa la tatu hadi la saba, yaani 1:43. Juu tumeshatimiza kiwango cha serikali na bado tunalia uhaba! Ule uwiano wa 1:60 haupo katika chumba chochote cha shule hiyo.

Ushauri wangu ni ule ule ninaoutoa kila shule, na nitaendelea kuutoa. Washusheni walimu wanne. La kwanza liwe na walimu watatu kwa mikondo mitatu ya watoto 57 hivi, la pili mikondo mitatu ya 50. Juu uwiano utapanda hadi 1:65, na watavumilia, kwa sababu watoto wanaosoma wanaweza kupewa kazi kitabuni mwalimu akiwa na wenzao. Na msishushe walimu walioshindwa kazi huko juu. Shusheni walio bora. Kumpeleka darasa la kwanza mwalimu anayekaribia kustaafu ili "apumzike", au kumpeleka kama adhabu, ni kosa ambalo silivumilii. Halafu mwalimu aliyeanza nao la kwanza apande nao hadi la pili, msimwondoe katikati ya mwaka kwa sababu mwalimu wa hisabati wa darasa la saba amepata uhamisho.

Namwelewa mwalimu mkuu. Anapimwa kwa matokeo ya darasa la saba, halmashauri inampigia simu kwa ajili ya darasa la saba, mzazi anamsifu kwa darasa la saba. Anayetaka abadilishe mgawanyo wa walimu amuulize pia, kila muhula, ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma. Diwani anaweza kuuliza hilo. Mwenyekiti wa kamati anaweza. Halihitaji bajeti.

"Tukijenga vyumba, msongamano utaisha"

Chumba bila mwalimu ni chumba. Nafurahi kuona maboma ya nguvu za wananchi yakimaliziwa, na sikatai kwamba ujenzi wa miaka ya karibuni ulikuwa mkubwa: fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 peke yake zilijenga vyumba 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, vingi vya sekondari, 3,000 vikiwa vya shule shikizi, zile ndogo zinazotegemea shule mama. Ila jengo linazinduliwa siku moja na mshahara wa mwalimu unalipwa kila mwezi kwa miaka thelathini, na ugumu wa fedha za umma uko hapo kwenye mshahara. Ruzuku ya uendeshaji, ile ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, si ya kuajiria mtu. Kwa hiyo mkiomba chumba, ombeni na mwalimu kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi ambao shule inaruhusiwa kuwa nao, na andikeni waziwazi kwamba anaombwa kwa ajili ya mkondo wa darasa la kwanza. Na chumba kipya kikikamilika kiende kwa wadogo kwanza. Nimeona vikigeuzwa ofisi na stoo.

Hata wenye fedha wamejikwaa hapa. Mwaka 1996 California iliamua madarasa ya chini, kuanzia chekechea hadi la tatu, yasizidi watoto 20, na ikatoa dola 650 kwa kila mtoto aliyekaa darasa la namna hiyo. Shule zilikimbilia fedha. Maktaba na kumbi zikageuzwa madarasa, na walimu wasio na sifa kamili wakaongezeka haraka, hasa katika shule za maskini, kwa sababu walimu wenye sifa walifuata nafasi mpya zilizofunguka kwenye mitaa yenye nafuu.

"Darasa likiwa dogo, watoto watafaulu wenyewe"

Hii ni ya upande wangu, na naipinga vile vile. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, miaka miwili tu baada ya elimu ya msingi bila malipo kuyajaza madarasa, shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza kwa mkataba. Shule 70 nyingine zilibaki za kulinganishia. Waliofanya utafiti huo ni Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Madarasa yalishuka kutoka watoto zaidi ya 80 hadi arobaini na kitu, karibu nusu. Watoto waliobaki na walimu wao wa serikali hawakupata nafuu ya maana. Mwenzao wa mkataba alipofika, baadhi ya walimu hao walipunguza kufika darasani. Waliopanda ni watoto wa walimu wa mkataba, na pale ambapo kamati ya shule ilifundishwa kufuatilia kazi ya mwalimu, hali ilikuwa bora zaidi.

Kuna wanaoutumia utafiti huo kusema kijana yeyote wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne anafaa. Hapana. Walimu wale wa mkataba walitakiwa kuwa na sifa zile zile za kitaaluma za mwalimu wa serikali. Tofauti ni kwamba kamati ndiyo iliyowaajiri, ikawaangalia kwa karibu, na ingeweza kuwaacha. Mwalimu akizoea kufundisha watoto 120 kwa kuwaimbisha, ukimpunguzia wawe 50 ataendelea kuwaimbisha 50, mpaka mtu akae naye na kumwonyesha namna ya kuzunguka kwenye madawati, kusahihisha papo hapo na kalamu mkononi, na kuwapanga watoto kwa makundi ya wanachokijua. Mkigawa mkondo, gaweni na mafunzo wiki hiyo hiyo.

"Basi mwekeeni mwalimu msaidizi mle mle ndani"

Tennessee walijaribu na hilo: darasa la ukubwa wa kawaida lenye msaidizi wa siku nzima. Matokeo yalikaribiana na darasa lisilo na msaidizi. Kwetu ninachokiona ni watu wazima wawili kwenye chumba kimoja cha watoto 140, mmoja anafundisha, mwingine anasubiri kipindi chake. Kama wako wawili, gaweni watoto, hata kama kundi moja litakaa chini ya mwembe hadi chumba kipatikane.

"Sisi tulisoma mia moja darasani na tumetoka"

Umetoka wewe. Waulize waliokaa dawati la nyuma yako wako wapi. Wengi wao hawaji kwenye kikao cha wazazi, kwa sababu hawataki kupewa karatasi ya kusoma mbele za watu.

"Elimu bila ada ndiyo imetuletea haya"

Watoto waliomiminika Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, walikuwepo tangu zamani, majumbani, wakichunga, wakiuza karanga stendi, wakisubiri mchango ambao mama hakuwa nao. Kuwaingiza shule lilikuwa jambo la haki. Kilichokosekana ni walimu kuwafuata: mwaka huo huo ajira mpya serikalini zilisitishwa wakati wa uhakiki wa watumishi, na mwaka uliofuata waliobainika na vyeti vya kughushi, walimu wakiwemo, waliondolewa kazini. Wanafunzi walipanda na walimu wakapungua kwa wakati mmoja. Anayetaka kurudisha michango ili darasa lipungue anataka lipungue kwa kuwatoa watoto wa maskini, na hao ndio ambao darasa dogo linawasaidia zaidi.

"Zamu mbili ni aibu kwa shule"

Chumba kimoja, watoto 120, walimu wawili: 60 asubuhi, 60 mchana. Mara nyingi hiyo ni bora kuliko 120 kwa pamoja, na haihitaji tofali hata moja. Masharti ni mawili, na siyalegezi. Kila zamu iwe na mwalimu wake, kwa sababu anayefundisha asubuhi na kurudia mchana anakuwa amekwisha ifikapo saa nane. Na zamu ya mchana isikatwe vipindi: saa za KKK ziwe kamili, na watoto wa mchana wabadilishane na wa asubuhi kila mwezi, maana mchana joto la bati linawalaza wote.