Je, wajua kwa nini kamera hupotea kwenye kompyuta katikati ya kazi?

Umeunganisha kamera na laptopu kwa waya, mteja ameketi mbele ya kioo anaangalia kila picha inavyoingia, kazi inakwenda. Mara picha haiji. Kamera imefyatua kama kawaida, lakini programu inasema hakuna kamera. Unachomoa, unachomeka, inarudi, na baada ya muda mfupi imepotea tena. Wanaopiga picha za bidhaa, vyakula au nguo za maduka ya mtandaoni wanaujua vizuri usumbufu huu, na wengi huanza kwa kuilaumu kamera. Ukweli ni kwamba kamera yenyewe ndiyo yenye kosa mara chache zaidi.

Kabla ya kufuta programu na kuiweka upya, kuna kitu kimoja cha kutazama kinacholigawa tatizo mara mbili: je, kompyuta yenyewe inaiona kamera? Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option, bofya alama ya tufaha, fungua System Information kisha uende sehemu ya USB. Kwenye Windows, fungua Device Manager. Ukiliona jina la kamera hapo, waya inafanya kazi na ugomvi uko kati ya programu. Usipoliona, hakuna programu itakayokusaidia, kwa sababu tatizo liko chini yake: waya, tundu, umeme au mpangilio wa ndani ya kamera. Nasisitiza hatua hii kwa sababu nimeona watu wakipoteza asubuhi nzima wakitibu upande ambao hauumwi.

Tuanze na ugomvi wa programu, maana ndio usiotazamwa. Kamera nyingi huongea na kompyuta kwa kanuni ziitwazo PTP, zilizoandikwa mwaka 2000 na baadaye zikawa kiwango cha kimataifa, ISO 15740. Kwa kanuni hizo, programu lazima ifungue kikao na kamera kabla ya kuomba chochote, na kwa kawaida kamera hukubali kikao kimoja tu kwa wakati mmoja. Inayowahi ndiyo inayopata. Inayofuata huambiwa kifaa kina shughuli, au haijibiwi kabisa.

Sasa ukichomeka waya, kompyuta haijui kwamba unataka kupiga picha. Inadhani umerudi kutoka safarini na unataka kunakili picha zako. Kwenye Mac kuna kiprogramu cha chinichini kiitwacho ptpcamerad ambacho huidaka kamera mara tu inapoonekana. Photos na Image Capture, programu za picha zinazokuja na Mac, nazo zinaweza kujifungua. Windows ina AutoPlay, kipengele kinachoamua kifanyike nini kifaa kinapochomekwa. Kwenye Linux ni huduma ya chinichini ya gvfs inayoiwahi kamera kabla ya programu ya picha kama darktable. Hata programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, kama Dropbox, zina kipengele cha kuchukua picha kutoka kwenye kamera inayochomekwa.

Dawa yake ni nyepesi. Funga kila programu inayoweza kuitaka kamera, ibaki ile unayofanyia kazi peke yake. Kwenye Image Capture, chagua kamera yako kisha uagize kwamba isifungue programu yoyote ikiunganishwa. Kwenye Windows, iambie AutoPlay isifanye lolote. Kama ptpcamerad imeng'ang'ania, izime kupitia Activity Monitor, orodha ya Mac ya programu zinazoendelea, halafu uifungue upya programu yako ya kupigia. Na usifungue mbili za kupigia kwa pamoja, mfano Lightroom Classic na Capture One, ukitegemea zigawane kamera. Hazigawani.

Tukija kwenye waya, hapa mambo ni mengi. Waya ya USB 2.0 ina nyuzi nne ndani: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za data. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, iliongeza jozi mbili nyingine za data, na kasi ikapanda kutoka megabiti 480 hadi gigabiti 5 kwa sekunde. Baadhi ya waya za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu hazina nyuzi za data kabisa: betri inajaa, lakini kamera haionekani. Hiyo ni rahisi kuigundua. Inayosumbua zaidi ni ile yenye data kidogo. Waya nyingi za USB-C zinazokuja na chaja za simu na laptopu zina nyuzi za USB 2.0 tu, ingawa kichwa chake hakina tofauti na cha waya ya kasi.

Chukua Nikon D850 ya mwaka 2017. Ina megapikseli 45.7, na faili moja la RAW, yaani picha ghafi ambayo haijachakatwa, linaweza kuzidi megabaiti 50. Tundu lake ni lile pana la Micro-B, lenye sehemu mbili zilizokaa pembeni mwa mwenzake. Kichwa cha waya ya zamani ya simu kinaingia bila shida kwenye ile sehemu kubwa, kamera inawaka, picha zinaingia, nawe unaamini umeunganisha sawasawa. Kumbe umeunganisha kwa USB 2.0, na kila faili linachukua sekunde kadhaa. Ukifyatua mfululizo foleni inajaa, kamera inasimama kusubiri, na mtu aliye na haraka anachomoa waya akidhani imekatika. Ile orodha ya USB kwenye Mac hukuonyesha hata kasi iliyopatikana; ukiona megabiti 480 pale ulipotarajia gigabiti 5, umempata mchawi wako.

Halafu kuna urefu. Studio inataka waya ndefu ili mpiga picha azunguke, lakini USB 2.0 imewekewa kikomo cha mita 5, na kikomo hicho kina sababu. Kompyuta inapotuma ombi husubiri jibu kwa takriban mikrosekunde 1.5. Jibu lisipofika ndani ya muda huo, huhesabiwa kuwa limepotea. Kila mita ya waya hula nanosekunde 5 hivi, na kila kifaa cha katikati huongeza zake. Kwa USB 3.0 shida ni kufifia kwa mawimbi kuliko muda, ndiyo maana waya ya kawaida ya gigabiti 5 hutegemewa hadi mita 3 tu. Ukitaka kuvuka hapo, nunua waya yenye saketi ya kukuza mawimbi ndani yake. Kuunga waya mbili za kawaida kwa kiungio hakusaidii, maana kila kiungio ni mahali pengine pa mawimbi kupotelea.

Kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne, ambacho wengi hukiita habu, kiondoe kwanza unapotafuta tatizo. Habu isiyo na umeme wake hugawa umeme wa tundu moja, miliampia 500 kwa USB 2.0 au 900 kwa USB 3.0, kwa vyote vilivyochomekwa. Ukiweka hapo diski ya nje pamoja na kamera mpya inayopenda kujichaji kupitia waya, mmoja ataanguka. Kamera za Sony na Fujifilm zenye uwezo huo zina mpangilio wa kuzima umeme wa USB. Uzime, kamera itegemee betri yake.

Uchunguze na mdomo wa tundu. Kama muunganisho unakatika kila ukigeuza kamera wima, si programu hiyo. Tundu limeunganishwa kwa risasi kwenye ubao wa ndani, na kila mvuto wa waya unalilegeza. Shika waya kwa kibano chini ya kamera ili mvuto uishie hapo. Waya za studio hupakwa rangi kali ya chungwa ili watu wazione na wasijikwae. Kwa walio Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, hewa ya chumvi inaharakisha kutu kwenye vichwa vya chuma, kwa hiyo futa vichwa na ufunike matundu yasiyotumika. Kwa USB-C, jaribu kukigeuza kichwa juu chini: kila upande hutumia nyuzi tofauti za kasi, na upande mmoja ukichafuka ule mwingine unaweza kuwa mzima.

Kama kamera hupotea baada ya kimya cha dakika chache, wakati unapanga taa au mteja anabadilisha nguo, basi imelala. Ongeza muda wa kujizima kwenye menyu yake. Kompyuta nayo hulala kwa namna yake: Windows huweza kukata umeme wa matundu ya USB yaliyotulia ili kuokoa betri. Umeme wa ukutani ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri na kuanza kubana matumizi, na kamera inatoweka ingawa kioo bado kinawaka. Zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya umeme, kwa hali zote mbili, ya soketi na ya betri.

Mipangilio ya kamera haina mengi. Sony inataka iwekwe PC Remote, yaani hali ya kuongozwa na kompyuta, si hali ya kuonekana kama diski. Fujifilm ina chaguo lake la kupiga kwa USB. Canon kadhaa hukataa waya kama wi-fi imewashwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui linahusu flashi. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka ulioonyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia eneo la gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na rimoti nyingi za flashi na panya zisizo na waya. Flashi ikianza kuruka mipigo tangu ulipochomeka waya, sogeza kipokezi mbali na waya na habu, au tumia waya iliyokingwa vizuri zaidi, kabla hujaipeleka flashi kwa fundi.

Na wakati unatafuta chanzo, agiza picha ziandikwe kwenye kompyuta na kwenye kadi pia, kama programu yako inaruhusu. Kamera isiyoandika kwenye kadi huishikilia picha kwenye kumbukumbu ya muda hadi ipokelewe upande wa pili. Ukiizima kabla hazijatoka, zile za mwisho hazirudi.