Sio malaria, sio uzembe: jasho la miaka ya 40 na habari ya ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazini)

Kila ikikaribia tarehe 18 Oktoba, siku ya ukomo wa hedhi duniani, tunaombwa tuandike chochote kuhusu kinamama na homoni, tunaandika, halafu wiki inayofuata nakutana na yale yale kwenye kliniki ya wafanyakazi. Mwaka huu nina moja tu: dada, ukiona mwili umebadilika njoo mapema, usisubiri mpaka upewe barua ya kujieleza.

Alikuja mama mmoja mhasibu, miaka 46, mwezi wa sita, kipindi cha kufunga hesabu na mnajua kilivyo, watu wanatoka ofisini saa tatu usiku. Usiku analowa jasho mpaka anabadilisha shuka, asubuhi kichwa kizito, kwenye kikao akisimama kusoma hesabu neno linampotea mdomoni watu wanamwangalia. Ameshameza dawa ya mseto mara tatu ndani ya miezi minne. Nikamuuliza kipimo kilisemaje? "Kilisema hakuna, ila dokta malaria yangu mimi huwa haionekani." Jamani! Kipimo kikikataa mara tatu tafuteni kingine, msiendelee kumeza. Ndani ya pochi alikuwa na khanga imekunjwa vizuri kabisa, anaitandika kwenye kiti cha ofisi kwa sababu siku zake zinakuja na mabonge, na mwezi ule zilikuwa zimekuja mara mbili. Tulipopima, damu ilikuwa chini. Yaani ule uchovu ambao bosi wake alikuwa anauita uzembe, sehemu kubwa ilikuwa ni upungufu wa damu.

Sasa hicho ndicho kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi. Ukomo wenyewe tunauhesabu ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, wengi inakuwa kati ya miaka 45 na 55, ila vurugu zinaanza miaka kadhaa nyuma, homoni leo iko juu kesho iko chini. Kama umevuka 45 na dalili ndio hizo, kwa kawaida kipimo cha homoni hakihitajiki, kwa hiyo acheni kuniletea majibu mliyoyalipia hela nyingi mkitaka niwasomee bahati. Tunachopima ni vile vinavyofanana nayo: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, ultrasaundi kama unatoka damu nyingi maana uvimbe kwenye kizazi umejaa kwa kinamama wetu. Jasho la usiku likija na kikohozi au kupungua uzito tunapima TB, hapo hatubishani. Na mimba bado inashika, msidanganyane. Ila ukishamaliza ile miezi 12 halafu damu ikatoka hata tone, usisubiri, sio ujana umerudi.

Tiba zipo, kuanzia vidonge vya kuongeza damu mpaka homoni kwa anayefaa, na mwenye kizazi lazima apate na projesteroni (homoni inayolinda ukuta wa kizazi), huku aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda tunamtafutia njia nyingine. Ni maamuzi ya wewe na daktari wako, sio ya makala hii. Wanaojiwekea shabu ukeni kwa ajili ya ukavu, naomba muache leo. Inachoma, inachubua.

Tuje kwenye ED, maana malalamiko mengi yako hapo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara (watumishi wa umma mna taratibu zenu pia, someni). Lakini bila cheti cha daktari aliyesajiliwa mwajiri halazimiki kukulipa. Kwa hiyo toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kwa meseji, leta karatasi yenye tarehe, sahihi na muhuri, ubaki na kopi. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kunaweza kukufukuzisha. Na ile ya kununua ED kwa kijana mwenye muhuri, hiyo ni kughushi, kifungo chake kinaweza kufika miaka 7, na mwajiri hangoji mahakama kuanza kukuchukulia hatua za nidhamu. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa Fomu Na. 1, migogoro mingine siku 60, ukichelewa utaanza kuomba kuongezewa muda na sio kila mtu anapewa.

Najua mnachoogopa, kwamba HR atajua. Mimi kwenye ED naandika siku ulizopewa na kazi za kupunguziwa, ugonjwa wenyewe siuanikii ofisi nzima bila ridhaa yako. Naweza kuandika upumzishwe zamu ya usiku kwa muda, usinyanyue mizigo, ukae karibu na dirisha. Mabosi, haya hayana gharama. Kumbagua mtu kazini kwa jinsia au umri wake kumekatazwa kwenye sheria hiyo hiyo, na utani wa "huyu bibi joto limempanda", kila anapochukua rimoti ya AC, ukiandikwa kwenye fomu ya CMA hausomeki kama utani.

Yule mhasibu alihamishiwa meza ya dirishani, vidonge alimeza miezi mitatu, na mapitio ya hesabu yakawa yanafanyika asubuhi, kichwa kikiwa bado chepesi. Mkija, njooni na tarehe za siku zenu za miezi mitatu iliyopita, hata kwenye simu, na mseto mliobakiza mniletee pia, niuone.