Kiolesura kinachojibadilisha: usukani ni wa nani?

Mtazame wakala wa pesa pale Soko la Majengo, Dodoma, ameshika kitochi chake. Mteja akitaja kiasi tu, kidole kimeshafika. Macho yake yako kwa mteja anayefuata, hasomi chochote. Menyu imekaa kidoleni. Sasa mpe simu yenye programu inayopanga upya vitufe kila asubuhi kufuatana na alichokitumia zaidi jana. Nia ni njema, kumpunguzia kazi. Ila kidole kinatua palepale pa siku zote, "Toa" imehamia chini.

Hicho ndicho kiolesura kinachojibadilisha. Kiolesura ni ile sehemu ya programu unayoiona na kuigusa. Hiki hujipanga chenyewe kwa kusoma mazoea yako. Kipo kingine, kinachobadilishika, ambacho hakisogezi kitu mpaka uamue wewe. Kiswahili kimetufanyia kazi nzuri hapa: "-ji-" ni programu kujitendea, "-ika" ni programu kukubali kutendewa. Ubishi wote, nani apange vitufe, programu au wewe, uko kwenye viambishi hivyo viwili.

Mfano unaokumbukwa ni Microsoft Office 2000. Menyu zake zilificha amri usizozitumia mara kwa mara. Kuziona zote ulibofya mshale pacha chini, au ulisubiri kidogo. Fikiria steshenari yenye kompyuta mbili. Unamwelekeza mwenzako, "Ni ya nne kutoka juu," naye kwake ni ya pili, au haipo kabisa. Kila mashine imejifunza mtu wake, na kufundishana kumekuwa shida. Uliweza kuzima tabia hiyo, lakini kwanza ujue kwamba ipo. Office 2007 ilipokuja na utepe wake, yaani ule ukanda wa vitufe juu ya ukurasa, menyu hizo ziliondoka kwenye programu kama Word na Excel.

Si kwamba kujibadilisha ni kubaya. Fungua orodha ya fonti kwenye Word: ulizotumia karibuni zimewekwa juu, na chini yake orodha kamili iko palepale kwa alfabeti. Umeongezewa njia ya mkato bila kuhamishiwa nyumba. Kibodi ya simu nayo, inapopendekeza maneno juu ya herufi, haikubughudhi. Unachukua au unaacha. Balaa ni pale inapobadilisha yenyewe, na "shikamoo" ya shangazi ikaenda Kondoa ikiwa neno lisiloeleweka.