Sodiamu ikiwaka usiimwagie maji

Juzi mwalimu wa shule moja huku Malindi alinipigia simu, ati wakisafisha stoo ya maabara wamepata chupa kuukuu, ndani vipande vya kitu cha kijivu kama nta, mafuta ya taa yamebaki kidogo tu chini, na mzee wa shamba keshajitolea akaitupe baharini. Nikamwambia mwalimu tafadhali isiguswe na mtu, nakuja.

Ile ni sodiamu. Watu hushangaa maana sodiamu waijua ya kwenye chumvi, na chumvi kwetu si ngeni, Gongoni na Ngomeni hapo twaona mashamba yake. Lakini ya kwenye chumvi ishatoa elektroni yake moja ya nje (elektroni ni chembe ndogo sana yenye chaji hasi), imetulia. Ya chupani bado inayo, na ikigusana na maji inaitoa papo hapo, inatoka gesi ya haidrojeni na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, na joto jingi mpaka metali yenyewe inayeyuka (98°C tu yatosha) inakuwa kidonge kinakimbia juu ya maji kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Potasiamu, metali jamaa yake, ni kali zaidi, yawaka hapo hapo moto wa zambarau.

Kipande kikubwa hulipuka. Zamani lawama zote alibeba haidrojeni, lakini mwaka 2015 watafiti wa Prague walipiga picha kwa kamera ya kasi sana wakaona elektroni zikishakimbilia majini metali inabaki na chaji chanya tupu, inajisukuma yenyewe na kupasuka, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa fikiria huyo mzee ameinama ukingoni mwa maji, kostiki yamoto inamrukia machoni. Hilo ndilo lililonikosesha raha njia nzima.

Ikishika moto basi si maji, si povu, si mtungi wa kaboni dayoksaidi. Funika kwa mchanga mkavu, na nasema mkavu kwelikweli, huu wa ufuoni una unyevu hata ukiuona mweupe. Chumvi kavu pia yazima sodiamu, ila chumvi ya Pwani yalowa hata kwenye kopo, kwa hivyo ikaushwe na ifungwe mapema, si siku ya moto.

Kipande kikikushika ngozini kitoe kwanza kwa kibanio kikavu, halafu ndio maji mengi. Kostiki ikiingia machoni osha kwa maji safi dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali.

Potasiamu ya miaka mingi yenye ukoko wa njano usiikate wala kuigonga, yaweza kulipuka hata bila tone la maji. Walimu, mkikuta chupa ya hivyo msiifungue, fungeni chumba, wekeni alama mlangoni, mwiteni mtu wa maabara. Chooni pia msitupe, jamani.