Neno "baba" na mambo tunayodhani tunayajua

Ploti ninayoishi hapa Pipeline, Nairobi, ina milango kumi na miwili kwa ghorofa, na mtu akilia kwenye koridoo wote tunasikia. Jioni moja jirani yangu, mwanamke kutoka Kisii, alikuwa kwenye simu akilia, na katika maneno yake yote sisi wengine tuliambulia moja tu: "Baba... baba..." Asubuhi yake tukampitia watatu, tukiwa na sukari na majani chai, kumpa pole ya mzee. Alitutazama kwa mshangao. Mzee wake alikuwa ameshazikwa miaka mingi. Aliyelazwa hospitalini ni mama yake.

Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, "baba" ni mama. Baba ni "tata".

Nimeishi na Wakisii tangu utotoni na sikuwa nimelijua hilo. Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili fupi, na kila ninapoligusa nakuta jambo ambalo wengi wetu tumelishika vibaya.

Dhana: "Baba" maana yake ni mzazi wa kiume, popote uendapo

Huhitaji kwenda mbali na Nairobi kuona kwamba sivyo. Jirani yangu ni ushahidi tosha. Lakini ukitoka nje ya Kenya mambo yanazidi. Kwa Warusi, Wapolandi na Wabulgaria, "baba" ni mwanamke: bibi mzaa mama au mzaa baba, au mwanamke mtu mzima tu. "Babushka", jina ambalo Warusi humwitia nyanya yao, limetokana na neno hilohilo. Huko Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, mambo yamepinduka kabisa: "mama" ndiye baba, na mama anaitwa "deda". Mtoto wa Kigeorgia akiita "Mama!" anayeitika ni mwanamume.

Japani ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Tokyo kuna kituo cha treni kiitwacho Takadanobaba. Hiyo "baba" ya mwisho haina mzazi ndani yake. Huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza farasi, ya pili mahali, na zikiunganishwa maana yake ni uwanja wa kupanda farasi. Kijapani hichohicho kina "baba" nyingine inayomaanisha mwanamke mzee. Maneno mawili, asili mbili, sauti moja. Hakuna cha ajabu hapo: sisi tuna "papa" wa baharini, ambaye Mombasa huuzwa akiwa mkavu, na tuna Papa wa Roma, na hakuna anayedhani samaki yule ana undugu na kiongozi wa Wakatoliki.

Ni kweli pia kwamba neno hili linamaanisha baba kwa watu wengi mno. Mturuki anasema "baba", Mchina anasema "baba", Myoruba wa Nigeria vilevile, na Mshona wa Zimbabwe pia. Hapo ndipo dhana nyingine mbili zinapozaliwa.

Dhana: Tulilitoa kwa Waarabu

Hii nimeisikia kwa watu wasomi, na inaniuma kidogo, kwa sababu inatokana na mazoea ya kudhani kwamba kila neno zuri la Kiswahili lililetwa na jahazi. Kiswahili kimechukua mengi kutoka Kiarabu, hilo halina ubishi: saa, kitabu, habari, sita, saba, tisa. Lakini neno la Kiarabu la baba ni "ab". Watoto wa Kiarabu nyumbani husema "baba", kweli, ila vivyo hivyo husema watoto wa Kizulu, "ubaba", na hakuna jahazi lililowapelekea. Ukitaka kuona ndugu wa Kiarabu aliyeingia kweli katika ukoo wa Kiswahili, msikilize mtu wa Mombasa akimwita "ami" ndugu wa baba yake. Huyo ndiye amevuka bahari.

"Baba" yetu ina jamaa zake barani, na anayetaka kuwaona awaulize Wakikuyu. Kwa Gikuyu, "baba" ni baba yangu mimi. Baba yako wewe haitwi baba, ni "thoguo". Baba yake yule ni "ithe". Maneno matatu kwa mtu mmoja, kutegemea ni wa nani. Sasa nenda kwa Wazulu, maelfu ya kilomita kusini: "ubaba" ni baba yangu, "uyihlo" ni baba yako, "uyise" ni baba yake. Mpangilio ni uleule. Kisha sikia "ithe" ya Murang'a, "uyise" ya KwaZulu na "ise" ya Kisii zikifuatana. Huo ni undugu wa damu, wa lugha za Kibantu, na ni wa zamani kuliko msikiti wowote wa pwani.

Upande wa mama nao ni hivyo hivyo. "Nyoko", ambalo Kiswahili kimeligeuza tusi la kupigania, kwa Ekegusii ni "mama yako" tu, neno la heshima zake.

Dhana: Mfanano huu unathibitisha kwamba zamani dunia nzima ilisema lugha moja

Mtu akigundua kwamba Mchina na Myoruba wote husema "baba", haraka anafikia mnara wa Babeli. Maelezo yaliyo imara zaidi yako kwenye mdomo wa mtoto.

Mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kumwita mama na baba kutoka lugha za kila bara, na mfanano ulikuwa mkubwa mno kuwa wa bahati. Mwanaisimu Roman Jakobson, mzaliwa wa Urusi, akaandika maelezo yake, yakachapwa mwaka 1960. Sauti rahisi kwa mtoto mchanga ni zile za midomo, m, b na p, pamoja na a, ambayo haihitaji zaidi ya kufungua kinywa. Funga, fungua, funga, fungua: ba-ba, ma-ma. Mtoto akinyonya, kinywa kimejaa, sauti pekee inayoweza kutoka ni ile ya puani, mmm, na kwa hiyo m mara nyingi humwendea mama.

Mara nyingi, si siku zote. Mtoto hutoa sauti, wakubwa ndio huamua ni ya nani. Wakisii waliipa "baba" mama, Wageorgia wakaipa "mama" baba.

Wajapani wana kitendawili kilichoandikwa mwaka 1516: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hazikutani hata mara moja. Jibu ni midomo. Leo mama kwa Kijapani ni "haha" na baba ni "chichi", na ukitamka "haha" midomo haigusani. Kitendawili kimebaki kama alama ya nyayo: wakati huo neno lilitamkwa "fafa", na kabla yake lilikuwa "papa". Yaani Mjapani wa kale alimwita mama yake papa.

Dhana: Mtoto akianza na "baba", anampenda baba zaidi

Hapana, na kina mama msihuzunike. Kwenye miezi sita au saba mtoto hurudiarudia ba-ba-ba akiitazama sufuria, pazia, hata paka. Maana huja baadaye, karibu na mwaka.

Dhana: Kumwita mtoto "baba" ni kukosea adabu au kuharibu lugha

Nairobi tunasema "baba" kwa kila namna. Mwanamume hupewa jina la mtoto wake wa kwanza, akawa Baba Fulani mpaka majirani wasahau jina lake halisi. Wafuasi wa Raila Odinga walimwita Baba. Lakini mwanamke akimwambia kijana wa miaka minne "kuja baba", wapo wanaocheka.

Kwa Wakikuyu jambo hili lina uzito wake. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo mama akimwita mtoto wake wa pili "baba", anamwita baba yake mwenyewe. Waarabu nao, kwa njia yao, humwita mtoto "baba" au "mama" kwa mapenzi, mzazi akimrudishia mtoto jina lile analoitwa.

Kwenye ghorofa yetu kuna mama wa Kikuyu mwenye kijana wa pili. Jioni akipakua chakula humwita, "Baba, uji unapoa." Mlango wa tatu kutoka hapo, yule jirani yangu wa Kisii hushika simu kila siku saa moja. Mama yake alipona. "Baba," anaanza.