"Mvurugiko wa homoni" na ndevu za ukubwani

Siku hizi hapa Tanga mwanamke aliyevuka hamsini akiota udevu kidevuni, jibu linamsubiri kila anakokwenda: "Una mvurugiko wa homoni." Atalisikia saluni Ngamiani, atalisikia kwenye kicheni pati, na muuza virutubisho ndiye atakayelisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu mkobani ana chupa ya kuzisawazisha.

Maana ya maneno hayo ni fupi. Mvurugiko wa homoni ni hali ya tezi fulani kutoa homoni fulani kwa wingi au kwa uchache usiostahili umri na hali ya mtu huyo, mpaka mwili ukadhurika. Tezi iwe inajulikana, homoni iwe na jina, na umri uzingatiwe. Kimoja kikikosekana, maneno hayo yanabaki sauti tu. Homoni ziko nyingi, zaidi ya hamsini, na neno lenyewe lina umri wa karne moja na ushei: Ernest Starling wa London alilitumia mwaka 1905, akilitoa kwenye Kigiriki kwa maana ya kuchochea. Insulini nayo ni homoni, kwa hiyo kisukari ni mvurugiko wa homoni halisi kabisa. Ajabu ni kwamba hakuna anayemwambia mgonjwa wa kisukari hivyo. Msemo umewekwa akiba kwa wanawake na ndevu zao.

Wanaosema hivyo huwa wana maana kwamba homoni za kiume zimezidi. Kwa bibi wa miaka sitini, mara nyingi ni kinyume chake. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza testosteroni tangu ujana, kwenye ovari na kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na kiasi hicho hupungua polepole kadiri umri unavyokwenda. Akifika arobaini huwa amebakiwa na karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo akiwa na ishirini. Kinachoanguka kwa kishindo ni estrojeni, hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ikianguka, ini nalo hupunguza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, na sehemu ya testosteroni inayobaki huru kufanya kazi huongezeka kwa kulinganisha. Maji yakipwa pale Raskazone, miamba inaonekana. Haikukua usiku ule.

Huo ni uwiano uliobadilika, tena umebadilika kwa ratiba ya umri. Ngozi ya kidevu, ya juu ya mdomo na ya chini ya taya ina mashina ya nywele yanayoisikia testosteroni kuliko ngozi ya shavu au paji la uso. Shina lililokuwa likiotesha laika laini lisiloonekana huanza kutoa udevu mnene, mweusi au mweupe, unaokwaruza ukiupapasa. Huja mmoja, baada ya miezi wa pili, baada ya mwaka wa tano. Na shina likishageuka halirudi kuotesha laika kwa hiari yake, hata homoni zikitulia namna gani. Hapo chupa ya kusawazisha inashindwa hata kabla ya kufunguliwa: hakuna cha kusawazisha, na kingekuwapo, udevu usingeondoka.

Kuna cheti cha maabara kinachowatisha wengi. Mama wa miaka 57 anapimwa "homoni zote", karatasi inarudi na herufi H, yaani juu, kando ya homoni iitwayo FSH, naye anaambiwa, unaona, imevurugika. FSH hutoka chini ya ubongo kuziamsha ovari. Ovari zikistaafu, ubongo huendelea kuita kwa nguvu, kwa hiyo kwa aliyekoma hedhi FSH ya juu ndiyo ya kawaida. Maabara nyingi huweka kando viwango vya wanawake walio kwenye hedhi na vya waliokoma. Soma safu inayokuhusu. Kuhusu vile vifaa vya kushika mkononi vinavyotoa majibu ya mwili mzima kwa dakika moja, homoni hazisomwi kwenye kiganja. Damu itolewe.

Mvurugiko wenyewe upo, na ndiyo sababu inaudhi kuona jina lake linatumika ovyo. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, dalili yake kubwa ni kasi. Ndevu zimeenea kidevu kizima na shingo ndani ya wiki au miezi michache, sauti imekuwa nzito, nywele za utosini zinapukutika kama za mwanamume, kinembe kimekua. Hapo anatafutwa uvimbe wa ovari au wa tezi ya juu ya figo unaomwaga testosteroni, na safari ni ya hospitali ya Bombo, siyo ya dukani. Uso uliovimba na kuwa wa duara, michirizi ya zambarau tumboni, shinikizo la damu na sukari vilivyopanda kwa pamoja vinaelekeza kwenye homoni nyingine, kortisoli. Damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma nayo inamtaka daktari, kuwe na ndevu au kusiwe. Kwa msichana wa miaka ishirini na tano mwenye ndevu na hedhi zinazoruka miezi, maelezo ni mengine kabisa, mara nyingi ovari zenye vifuko vingi. Usimpe bibi yake majibu ya kwake.

Halafu kuna nywele za uso ambazo hazihusiani na tezi yoyote. Krimu zenye steroidi, zile zinazoingia kwenye mkorogo wa kujichubua, huotesha malaika marefu pale zinapopakwa. Dawa ya minoksidili ya kurudisha nywele za mbele ikichuruzika usoni hufanya vivyo hivyo. Fenitoini, dawa ya kifafa, inaweza kuotesha nywele mwili mzima. Anayeulizwa habari za homoni kabla ya kuulizwa anapaka nini hajaulizwa vizuri. Dawa ya kifafa, hata hivyo, haiachwi bila daktari.

Udevu wa kawaida wa umri unashughulikiwa kama udevu. Ukiwa na mitano au kumi, kibano kinatosha. Tatizo kubwa la umri huu ni macho: vaa miwani ya kusomea, shika kioo cha kukuza, kaa dirishani asubuhi jua likiingia kwa ubavu, au mpe kazi mjukuu mwenye macho. Weka kitambaa chenye maji ya moto kiasi kwa dakika mbili tatu, futa kibano kwa spiriti, ivute ngozi ikaze, kisha ushike udevu karibu na ngozi na uuvute polepole kufuata upande ulikolala. Ukiuvuta kinyume unakatikia ndani, ncha inajipinda chini ya ngozi, panatoka kipele, na kwenye ngozi yetu kipele huacha doa jeusi la miezi. Udevu uliojificha usichimbwe kwa pini. Kanda kwa kitambaa cha moto mpaka uchungulie. Mwenye kisukari awe mwangalifu maradufu, kwani kidonda cha kidevu kwake hakiponi upesi.

Kunyoa kunaogopwa bure. Eti ukinyoa zinarudi nyingi na nene. Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1928: wembe haubadilishi unene wala kasi. Unachohisi ni ncha iliyokatwa butu, badala ya ile iliyochongoka kwa asili. Nyoa baada ya kuoga, kwa povu, kufuata upande wa nywele. Wembe uwe wako peke yako. Wa saluni unaopita kidevu hadi kidevu unaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Nta ya sukari inafaa pale nywele ni nyingi na ngozi ni imara. Vikombe 2 vya sukari, robo kikombe cha maji ya ndimu, robo kikombe cha maji, moto mdogo mpaka rangi ifanane na asali. Tone likidondoshwa kwenye maji baridi lifinyangike kama mpira laini. Likipasuka, umeivisha kupita kiasi na imekuwa peremende, likitawanyika, bado. Ipoe mpaka ivumilike ndani ya kiwiko, tia poda ngozi ikauke (kwa joto na unyevu wa huku bila poda haishiki), paka kinyume cha nywele, chomoa kwa kufuata nywele, usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Anayetumia mkorogo, krimu ya chunusi ya tretinoini au dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse: ngozi inaweza kutoka pamoja na nta, au kuvilia damu. Singo ya liwa na manjano inaacha uso mororo, nayo husugua malaika kidogo. Udevu haiung'oi, hata kama somo amesema.

Leza huwinda rangi nyeusi ya unywele. Udevu mweupe hauoni kabisa, na ngozi nyeusi inaweza kuunguzwa; iliyo salama zaidi kwake ni mashine ya wimbi la nanomita 1064. Njia inayoua shina bila kujali rangi ni sindano ya umeme, udevu mmoja mmoja, iliyoanza na daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis mwaka 1875 akihangaika na kope zilizoota kuelekea ndani. Ipo pia krimu ya eflonithini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000. Hupakwa mara mbili kwa siku, huanza kuonyesha kitu kama wiki ya nane, inapunguza kasi tu, na ukiiacha ndevu hurudia mwendo wake. Dawa hiyo hiyo, kwa njia ya mshipa, ilitumika kutibu malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ya Afrika Magharibi na ya Kati. Kwa mji wetu wa Tanga, uliofuga mbung'o madume waliotiwa utasa ili wapelekwe kumaliza mbung'o wa Unguja miaka ya 1990, kisa hicho hakina ugeni.

Basi, shangazi akisema ana mvurugiko wa homoni, usimkatize mbele za watu. Muulize kwa upole: homoni ipi, na ilipimwa lini? Akiwa na jibu, msikilize, kwa sababu huenda daktari amemweleza jambo la kweli. Akiwa hana, na ndevu zake ni tatu zilizokuja kwa miaka minne, mwambie amekoma hedhi na ameota ndevu chache, kisha mtafutie miwani yake.